Mashine Iliyozimwa Msibani

Mume wangu alipofariki, jambo la kwanza walilolifanya wanawake wa mtaani lilikuwa kuihamishia sebule uani. Ndivyo tufanyavyo Bagamoyo, na sina ugomvi na hilo. Makochi yalitoka, meza ikafuata, zulia likakunjwa, mikeka ikatandikwa ukuta hadi ukuta. Televisheni ikachomolewa, kwa sababu nyumba yenye msiba haiwashi televisheni. Pembeni yake palikuwa na kiboksi cheusi, ukubwa wa pakiti ya sukari, chenye taa ndogo ya kijani inayopepesa. Mtu akadhani ni king'amuzi. Akakichomoa kwa heshima zote, akakibeba mpaka uani, akakisukumia chini ya benchi, palepale walipokuwa wanaosha mchele. Maji ya mchele yakafanya yaliyobaki.

Kiboksi kile ndicho kilichokuwa kinasaidia kufungua maji ya Miono.

Nieleze kidogo, maana hata ndugu zangu hawakuwahi kuelewa mume wangu alikuwa anafanya kazi gani. Walikuwa wanasema "mambo ya kompyuta", wanaishia hapo. Kwenye vijiji vya kwetu, upande wa Miono na Lugoba, kuna mabomba ya maji yanayofunguliwa kwa kadi. Mtu anafika na ndoo yake, anaigusisha kadi, bomba linauliza kama kadi hiyo inajulikana, likijibiwa ndiyo linatoa maji. Wanaojibu ni mashine tatu ambazo mafundi huziita nodi. Moja ipo ofisini Lugoba, moja Miono kwenye kibanda cha pampu, na ya tatu ilikuwa sebuleni kwetu, kwa sababu umeme wa mjini una afadhali na kwa sababu mume wangu alipenda kuiona akinywa chai.

Mashine zote tatu zinaweka kitu kilekile, na hakuna jambo linalokubalika mpaka zaidi ya nusu yao wakubaliane. Katika watatu, wawili wanatosha. "Kama ndoa," aliniambia tulipokuwa bado wachumba, "mashahidi wawili wakiwa macho, wa tatu hata akisinzia imefungwa." Akibaki mmoja peke yake, bomba linafungwa, kwa kuwa mashine moja haijiamini. Nilicheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha bila kubadilisha uso, na alinioa kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo siku aliyofariki yeye, mashine yetu nayo ilikufa, na kule Miono hakuna aliyejua. Zile mbili zilizobaki ziliendelea kushuhudiana, maji yakaendelea kutoka. Hata mimi sikujua. Kuna mtu aliniambia kwamba king'amuzi kimelowa, nikamjibu hakuna neno.

Sikulia. Nalisema kama lilivyo, kwa sababu lilisemwa sana nyuma yangu. Alilalamika kichwa baada ya chakula cha mchana, akaenda kujinyoosha, nilipokwenda kumwamsha kwa sala ya alasiri alikuwa ameshaondoka. Tangu pale nilikuwa kama mtu aliyevishwa magodoro. Nilikula nilipoambiwa kula. Nililala nilipoambiwa lala. Wanawake waliokuja kunipa mkono wa pole walinitazama usoni kama wanaotafuta sindano iliyoanguka, na wasipoiona walikwenda kukaa na mama mkwe. Walioniudhi zaidi ni wale wa kusema amepumzika. Alikuwa hajachoka.

Jeneza lilipotoka, wanaume walipokezana begani kuelekea makaburini, na sisi tukabaki, maana kwetu wanawake hawasindikizi. Mama mkwe alisimama mlangoni mpaka sauti za tahlili zikapotea upande wa pili wa mtaa. Kisha akarudi ndani, akauliza kama chai imebaki. Chai ilikuwepo. Tukanywa, yeye aliyemzaa na mimi niliyeolewa naye, huku wengine wakimtia udongo.

Eda, ule muda wa mjane kukaa ndani, alinikalisha mama mkwe mwenyewe. Alihamia chumbani kwetu na mto wake na tasbihi yake, akanivalisha nguo nyeupe, akaondoa wanja, udi na kioo. Mama mkwe wangu ni wa ukoo wa maduka, watu ambao babu zao walikuja kutoka Omani na bado wanapima kitambaa kwa macho. Mimi ni wa Miono, mtoto wa wakulima wa ufuta na mihogo, nikasomea kompyuta chuoni, nikaja kuifundisha sekondari hapa mjini. Ndoa yetu hakuipenda mwanzoni na hakunificha. Sasa tulikuwa tunalala chumba kimoja, wawili tusio na cha kuambiana, yeye akivuta tasbihi na mimi nikitazama feni.

Siku moja asubuhi shemeji alikuja. Ni mdogo wa mume wangu, anafanya kazi kwenye mradi huohuo wa maji. Alikaa barazani, akanisalimia kupitia ukuta, kwa kuwa mwanamke aliye kwenye eda haonani na shemeji yake.

"Shemeji, habari za tangu juzi?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Pole tena. Nimeleta mashine nyingine. Ile ya Miono imeanza kuchemka, inajizima inajiwasha. Ikifa ile, atabaki mmoja Lugoba, na maji ndiyo basi."

"Si ungeiwasha mwenyewe?"

"Mimi ni mtu wa mabomba, shemeji. Ile skrini nyeusi ya kuandika amri alikuwa nayo kaka."

Aliiacha mashine kwa mama yake, akaondoka kwenda Miono kuipepea ile nyingine. Alipotoka, mama mkwe aliingia nayo chumbani ameishika kwa mikono miwili. Akatoa masharti yake. Kazi ya kuwapa watu maji haina ubaya, nitaifanya. Lakini simu ataishika yeye, sauti itawekwa kubwa, na shemeji yangu atazungumza yanayohusu maji tu. Nikasema sawa, mama. Ningeambiwa niifanye nimesimama kwa mguu mmoja ningesema sawa vilevile.

Nilikaa kwenye mkeka na laptopu juu ya kigoda. Kazi yenyewe si ngumu kwa aliyeizoea. Unachomeka waya wa mtandao, unaingia kwenye mashine mpya kwa jina na neno la siri, unaweka programu, kisha unaandika faili fupi la maelekezo: mashine hii inaitwa nani, inapatikana wapi, na wenzake ni akina nani. Hakuna picha, hakuna vitufe vya rangi. Unaandika amri, unabonyeza enta, unasubiri ijibu. Nilikuwa nimekaa hivi na mume wangu mara nyingi, yeye akiandika na mimi nikimkosoa.

Nikaingia kwanza kwenye mashine ya Lugoba, nikaiomba initajie wanachama. Ikanipa mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa wetu, Bagamoyo, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoiwasha mume wangu mwanzo kabisa. Mbele yake iliandikwa kwamba haijibu.

Utaratibu naujua, na wanafunzi wangu nawafundisha. Mashine ikifa, unaitoa kwanza kwenye orodha, ndipo unaongeza mpya. Nikaandika amri ya kuitoa. Inahitaji namba yake ndefu, mchanganyiko wa tarakimu na herufi, nikainakili yote bila kukosea. Kilichobaki kilikuwa enta. Kidole kikakaa juu ya enta. Kisha kikahama, kikaanza kufuta, herufi moja moja, mpaka mstari ukawa mtupu. Sikujiambia kwamba nahuzunika, maana sikuwa nahisi kitu chochote. Nilijiambia nitaitoa baadaye. Nikaandika amri ya kuongeza mpya, nikabonyeza, Lugoba ikakubali.

Nikahamia kwenye mashine mpya. Kwenye faili la maelekezo nikaandika wenzake: Lugoba, Miono, na yenyewe. Nikaiamuru iwake. Ikakataa. Nikaiamuru tena, ikakataa tena, ikiniandikia kwamba hesabu ya wanachama niliyoileta hailingani na ile waliyonayo wenzake. Niliusoma ujumbe ule kama mtu anayesoma tangazo la mwaka jana. Nikajaribu mara nyingine, kwa ujinga tu.

Simu ikaita. Mama mkwe akaipokea, akaiweka katikati yetu.

"Shemeji, umegusa nini huko?"

"Salimia kwanza," mama mkwe akamwambia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, sema."

"Mabomba yote yamegoma. Miono yote. Kadi inaguswa, bomba linakaa kimya. Watu wamejaa hapa na ndoo, wananitazama mimi kama nimeyanywa peke yangu."

Hapo ndipo hesabu ilipokuja, hesabu ya kidato cha kwanza. Nilikuwa nimeongeza mwanachama bila kumtoa aliyekufa, kwa hiyo sasa walikuwa wanne. Zaidi ya nusu ya wanne ni watatu. Walio hai walikuwa wawili, kwa kuwa mpya alikuwa hajawaka. Na hata kama sasa ningetaka kumtoa yule aliyekufa, nisingeweza, kwa sababu kumtoa nako kunataka watatu wakubali.

"Mama yako yupo hapa kwenye foleni," shemeji akasema. "Ngoja nimpe."

Sauti ya mama yangu ikaingia chumbani, kubwa, kwa kuwa yeye anaamini simu inafika mbali kwa kupigiwa kelele.

"Mwanangu, hujambo? Wala usihangaike na eda yako hiyo. Lambo bado lipo, mie nachukua ndoo yangu nakwenda."

"Usiende lamboni, mama."

"Kwani nimeanza leo?"

Lambo lile nalijua. Nimeteka humo utoto wangu wote, maji ya rangi ya chai ya maziwa, upande huu sisi na upande ule ng'ombe wa wafugaji. Ni mbali, na mama yangu magoti yake yamekwisha. Bomba lilipofunguliwa Miono mume wangu ndiye aliyemshika mkono, akamwonyesha namna ya kugusisha kadi, na mama akaigusisha halafu akaibusu kama mshahara. Nikakasirika. Ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kitu tangu msiba, na kilikuwa hasira, na niliifurahia.

"Mama, kaa hapo hapo," nikamwambia. "Ukienda lamboni sitakusamehe."

"Ehe," akajibu. "Kumbe bado unajua kugomba."

Mama mkwe alikuwa ameacha kuvuta tasbihi. Alisogea akatazama skrini, ingawa ile lugha haijui, kama anavyotazama kitambaa cha mtu mwingine.

"Inakataa nini?" akauliza.

"Wenzake wanasema wapo wanne. Mimi nimeandika watatu."

"Nani umemwacha?"

"Ile ya hapa, mama. Ile iliyochomolewa sebuleni."

"Mbona hukuiandika?"

"Imekufa."

"Basi wenzake mbona bado wanaihesabu?"

"Kwa sababu sijawaambia."

Kwenye simu shemeji alikuwa anambembeleza mtu asipige bomba teke. Mashine yetu iliyokufa nilikuwa nimekataa kuitoa, na papo hapo nilikuwa nimekataa kuiandika. Nilikuwa nimeiacha haipo huku wala kule, na kwa ajili hiyo kijiji kizima kilikuwa kimesimama na ndoo tupu. Nikalifungua tena faili la maelekezo. Kati ya Lugoba na Miono nikaandika Bagamoyo, na anwani yake ileile ya zamani, kama vile ipo sebuleni inapepesa taa. Nikaiamuru mashine mpya iwake.

Safari hii haikugomba. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, ikijitambulisha kwa wenzake, ikipokea kutoka kwao kila kilichotokea kabla haijazaliwa. Sasa wakawa watatu hai kati ya wanne. Kwenye simu tukasikia mlio wa maji yakipiga kitako cha ndoo tupu, kisha vigelegele, kisha mama yangu akimwambia mtu asimpite kwenye foleni.

"Yametoka!" shemeji akapiga kelele. "Shemeji, yametoka! Sasa usiguse tena kitu chochote. Acha hivyo hivyo."

"Siwezi kuacha hivyo," nikasema.

"Kwa nini, na maji yanatoka?"

Nikamweleza. Aliyekufa akihesabiwa, walio hai wanabebeshwa zamu yake. Sasa wanatakiwa watatu kila wakati, na watatu ndio hao tu waliopo. Ile ya Miono ikichemka na kujizima hata kidogo, mabomba yanafunga tena. Akitolewa, watatu wanabaki watatu, wawili wanatosha, na hata mmoja akizimika watu watateka. Shemeji akasema fanya unavyoona.

Nikarudi Lugoba. Nikaandika upya ile amri ya kutoa, na ile namba ndefu, nikaikagua mara mbili kama anavyokagua mtu anayetaka kuchelewa. Mama mkwe alinitazama mikono.

"Hiyo inafanya nini?"

"Inawaambia wenzake wasiihesabu tena."

"Na ukishabonyeza, inarudi?"

"Hairudi, mama."

Akaiweka simu chini kwenye mkeka. Aliikunja tasbihi akaitia mfukoni, taratibu, mtu asiye na haraka.

"Wewe ulijua," akaniambia, "siku ile nilitaka kwenda makaburini? Nilitaka kuvaa kanzu ya baba yake nikafunika uso nikaenda nao. Nilisimama pale mlangoni naipigia hesabu. Mtoto wangu watu wengine wanamtia udongo, mimi naulizia chai."

Sikujua. Nilikuwa nimemchukia kwa chai ile tangu siku ile, tena chuki ya kweli, na nilikuwa nimekunywa vikombe viwili.

"Hata mimi sikutia udongo," nikasema.

"Hata wewe hukutia."

Akasogea mpaka goti lake likagusa langu. Akafuta kidole chake cha shahada kwenye kanga, kama anayekwenda kuonja mchuzi wa watu.

"Kitufe kipi?"

Nikamwonyesha enta. Akaweka kidole chake, kisha akanitazama, akasubiri mpaka nami nikaweka changu juu ya kidole chake. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akasema bismillahi. Tukabonyeza.

Skrini ikaandika mstari mmoja kwamba mwanachama huyo ametolewa. Nikaomba orodha. Lugoba, Miono, na yetu mpya chini kabisa. Mama mkwe akaniuliza yupo wapi, nikamwonyesha mahali mstari wake ulipokuwa, na hapakuwa na kitu. Akapaangalia kwa muda mrefu. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye nyumba ile, wala siku ya msiba, na mimi nikaisikia yangu ikitoka pamoja nayo, kutoka chini kabisa, nikamshika shingoni naye akanishika, laptopu ikaanguka kutoka kwenye kigoda.

"Mama?" shemeji akaita kutoka kwenye mkeka. "Shemeji? Kuna nini? Mnalia nini? Jamani, maji yanatoka. Nawaambia maji yanatoka."